Mama Akidi Anafunga Daftari la Vikao

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, katibu muhtasi wa ofisi ya Jimbo letu la kanisa anastaafu. Wakuu wa Jimbo wanne wamekuja na kuondoka. Yeye yupo palepale, meza ya karibu na mlango, anawajua wachungaji wote kwa mwandiko, na wanaochelewesha taarifa za mwaka anawajua kwa visingizio.

Aliajiriwa kama mchapaji. Haukupita muda akakabidhiwa muhtasari wa vikao vya Halmashauri, na hapo ndipo tulipomjua. Watu tunaweza kutoana jasho saa mbili nzima kuhusu uhamisho wa mwinjilisti mmoja. Yeye anaandika kwamba wajumbe walijadili kwa kina. Basi. Aibu zetu nyingi amezisitiri huyu mama.

Jina la Mama Akidi nalo halikuja bure. Mwaka wake wa tisa kazini, Halmashauri ilipiga kura kuufuta usharika wetu mdogo kuliko yote, uwe mtaa tu wa usharika jirani. Kesho yake, kabla ya kuchapa barua, akagundua kosa, na kosa lilikuwa lake: alihesabu sahihi za mahudhurio, hakuhesabu watu. Sahihi zilikuwa kumi na saba, akidi ni kumi na sita, na wajumbe wawili walikuwa wametoka kwenda kula kabla ya kura.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na Mkuu wa Jimbo wa wakati ule, jamani, alikuwa moto wa kuotea mbali. Akaingia ofisini kwake, akasema, "Baba, nimekosea. Kura ile si halali, na barua hii siwezi kuichapa."

Alifokewa, akapewa onyo la maandishi, ambalo alilichapa mwenyewe. Kikao kikarudiwa, safari hii wazee wa usharika ule wakasikilizwa. Haukufutwa. Leo una mitaa minne.

Alipobanwa awataje wale wawili, alijibu kwamba aliyekosea kuhesabu ni yeye. Kwenye muhtasari akaandika kuwa walitoka kwa dharura. Mmoja ameshatutangulia. Wa pili ni mimi, Katibu wa Jimbo ninayeandika wasifu huu. Hapakuwa na dharura yoyote, mama. Nilikuwa na njaa tu. Na miaka yote hii umenichapia barua, hujanikumbusha hata kwa utani.

Asante, na unisamehe. Sote tunakuombea mapumziko mema, na vikao vya wajukuu visivyo na muhtasari.