Koti Lililokaa Nje: Maisha ya Mnusaji wa Wiski

Ndugu, majirani, na nyinyi wenzake wa kiwandani mliojaza mabasi mawili kuja kumsindikiza: marehemu tunayemlaza leo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Dada ameniomba nisome mimi kwa sababu, anasema, watoto watalia na mimi nitachekesha. Nitajitahidi nisimwangushe, ingawa leo utani umenikauka.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1952, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alipokuwa mchanga hakutulia mikononi mwa mtu mpaka amnuse shingoni kwanza. Ndugu zake walidhani ni kudeka. Kumbe kazi ilikuwa imeshaanza.

Alianza shule Januari 1959. Kwenye hesabu alikuwa wa kawaida, na kwenye kuimba tuyaache. Lakini wenzake darasani walikuwa hodari wa kusahau kuandika majina kwenye madaftari, na mwalimu wao alipochoka kuuliza alimwita mbele yeye. Alinusa daftari moja moja: hili la mtoto wa muuza mafuta ya taa, hili la yule ambaye mama yake anafua mashuka ya hospitali, na hili la kwangu, mwalimu, lina gundi ya viatu. Hapo ndipo alipopewa jina la Pua, nalo halikumbanduka tena. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1970.

Februari 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha wiski kule bondeni, kazi ya kuviringisha mapipa. Siku moja msimamizi alimkuta ameinamia tundu la pipa tupu.

"Wewe, umedondosha nini humo?"

"Hili lisijazwe, mzee. Lina siki."

Pipa lilifunguliwa, na ubao mmoja wa chini ulikutwa umeoza. Haikuchukua muda akahamishiwa chumba cha kunusia, chenye meza nyeupe, glasi zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na dirisha lililofungwa kila mara nyasi zilipokatwa. Huko alifanya kazi mpaka akawa mnusaji mkuu. Kwa wasioijua kazi hiyo, yeye ndiye aliyeamua pipa lipi liko tayari na lipi liendelee kulala. Alinusa, akaonja tone, akatema. Ulevi hakuujua.

Wiski yao ilikuwa ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, isiyochanganywa na ya mwingine. Wanywaji huiita singo molti. Nami nikiwa mmoja wa wanywaji hao, niliwahi kumuuliza ina nini cha ajabu hata watu waisubiri miaka na miaka. Alinitazama kwa huruma.

"Shemeji, hizi nyingine zimetengenezwa zimpendeze kila mtu. Hii ina tabia yake, na haikuombi radhi. Ni kama dada yako. Siku ya kwanza inakuunguza, siku ya pili unajiuliza uliikosea nini, siku ya tatu huondoki."

Dada alikuwa pale pale anamenya viazi. Alimrushia ganda, likampata.

Hapo niseme jambo ambalo familia yetu hailisemi sana. Baba yetu mzazi alikuwa mlevi, na dada ndiye aliyekuwa akimvua viatu na kumfutia matapishi. Basi siku Pua alipokuja nyumbani mara ya kwanza, alitoka kazini moja kwa moja, na koti lake la kazi limelowa harufu ya mapipa. Dada alifungua mlango, akavuta pumzi, akaufunga. Maskini hakuwa ameonja kitu. Hakubishana. Alilitundika koti kwenye msumari wa ukuta wa nje, akanawa mikono na uso kwenye bomba la uani, akabisha hodi upya.

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, kwa sharti moja la bibi harusi: pombe isivuke mlango wa nyumba yao. Alilishika mpaka mwisho. Kila jioni koti lilibaki kwenye msumari wa nje, mvua au jua, na bomba lilifunguliwa kabla ya mlango. Majirani walijua amefika kwa kusikia maji. Mungu aliwajalia watoto wawili, na nyumba ile ilikuwa na amani ambayo sisi hatukuizoea tulipokuwa wadogo.

Agosti 2015 madaktari walimkuta na uvimbe ndani ya pua. Walimpasua, wakautoa wote, lakini hakusikia harufu tena. Asubuhi aliyorudi kazini alikwenda moja kwa moja kwa meneja akamwambia: "Mimi sasa ni mtu wa kawaida." Angeweza kuficha, nani angejua? Walimuaga kwa heshima. Ila lilibaki pipa moja, alilolijaza mwenyewe mwaka 1994 na kulisemea "bado" kila mwaka. Warithi wake wawili walivutana. Mmoja alisema limefika, mwingine alitaka lingoje. Na pipa likingojewa kupita kiasi, mbao huimeza wiski yote, ukabaki uchungu. Kiwanda kikamletea kichupa cha kuonjea, aamue yeye.

Aamue kwa pua ipi? Na sharti je? Alikitia kichupa mfukoni mwa koti, pale pale msumarini, akaingia ndani. Siku zile alikonda. Mtu aliyejijua kwa pua yake tangu utotoni alikuwa hajui tena yeye ni nani, na hilo lilituumiza wote.

Alasiri moja dada alitoka nje, akatia mkono mfukoni mwa lile koti, akaingia na kichupa. Akakiweka juu ya meza ya jikoni.

"Nielekeze," akamwambia.

"Mama watoto, usijilazimishe."

"Nimekwambia nielekeze. Nanusaje?"

Alimwelekeza: fungua mdomo kidogo, usivute kwa pupa, tia tone la maji. Dada akafumba macho.

"Kuna ganda la chungwa lililokauka. Mkate. Jiko lililozimwa kitambo. Na kabati la mama, lile la mbao la nguo."

"Kabati linayafunika mengine?"

"Hapana. Linabisha hodi."

Akaonja tone, la kwanza maishani mwake, na machozi yakamtoka. "Siyo harufu ya Baba," alisema. "Miaka yote nilidhani ni ile ile." Kisha akajifuta kwa kanga. "Waitoe sasa. Kabati likiingia, halitoki."

Marehemu alipiga simu kiwandani. "Toeni. Pua ya nyumba hii imesema." Wazee wa kiwandani mliopo hapa mnajua ilivyotoka. Mnaotikisa vichwa kukubali nawaona.

Tangu siku ile, kila asubuhi alimuuliza mkewe, "Leo kuna nini?" Naye alimwambia: mvua inakuja, sabuni, jirani ameunguza maziwa. Mwaka huu moyo ulianza kuchoka. Alilazwa mwishoni mwa Aprili, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024, dada akiwa ameushika mkono wake, aliuliza, "Leo kuna nini?" Dada alimjibu, "Kuna wewe." Alitabasamu. Mchana huo alituacha.

Marehemu ameacha mjane, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watano, dada yake mmoja, na shemeji mmoja asiyejua atamtania nani sasa.

Jana, baada ya waombolezaji kupungua, nilimwona dada akienda uani. Alilitoa lile koti msumarini, hakulikung'uta, akaingia nalo ndani, akalitundika chumbani upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe.

Shemeji, lala salama. Umekaribishwa ndani, na koti lako.