Zamu ya Kamba

Kijiwe chetu ni gogo. Lilikuwa tawi la mti uliokuwa umeegemea duka la mbao, na aliyelikata, akalichonga likawa bapa juu, akalitegemeza kwa matofali ili makalio yetu yasipate taabu, ni Wa Juu mwenyewe, mkata miti wetu. Mwisho wa huku nakaa mimi na kisanduku changu cha kushonea viatu. Wananiita Gundi, wanasema ni kwa ajili ya kazi, lakini najua wanamaanisha kwamba nikikaa sibanduki. Katikati anakaa Wakili, ambaye hajasoma sheria hata za barabarani, ila alifagia mahakama miaka kumi na moja na akasikia mengi. Pembeni yake ni Betri, fundi wa simu na redio, mtu wa kuwaka haraka na kuzima haraka. Anayetumiminia kahawa ni Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa, lakini ukimwita vingine hupewi kikombe. Na mwisho wa kule, karibu na ukuta, pana nafasi ya mtu mmoja. Hii ni wiki ya saba, hakuna anayeikalia, na hakuna aliyesema isikaliwe.

Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye hoja ile ile ya wiki saba: kwa nini tawi alilolikata lilimrudia Wa Juu.

Betri: Nimesema tangu mwanzo, ni mnara wa simu. Mawimbi yakipita kwenye mti mbichi, maji ya ndani yanatikisika. Tawi linapoteza mwelekeo.

Wakili: Tawi nalo lina mwelekeo?

Betri: Kila kitu kina mwelekeo. Hata wewe ulikuwa nao zamani.

Shangazi: Mnara uko kule, mti ulikuwa huku. Wewe Betri hata jino likikuuma utasema mnara.

Betri: Na liliniuma kweli, siku ile ile walipouwasha!

Wakili: Hapana, sikilizeni. Mti ule ulikuwa na kesi. Ndugu wawili waligombania kiwanja mpaka baba yao akafa, na mti ndio ulikuwa mpaka. Mti wenye kesi haukatwi kabla haujasomewa hukumu. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Shangazi: Kisima kimetoka wapi tena? Mtu alikuwa juu ya mti.

Wakili: Kisima ni mti uliogeuzwa, Shangazi. Fikiria kwa kina.

Shangazi: Haya, endelea kufikiria, kahawa inapoa. Mimi nasema ule mti ulikuwa na wenyewe. Miaka yote naupita alfajiri, sijaona ndege akitua pale. Hata mmoja!

Betri: Ndege walikuwa wanaukimbia mnara.

Tulicheka. Siku hizi tunacheka kwa nguvu kidogo kuliko zamani, halafu tunanyamaza wote kwa pamoja, na mimi kule kunyamaza ndiko nisikokupenda.

Biashara ya Wa Juu ilikuwa inaenea kwenye mkokoteni mmoja. Msumeno wa injini, aliokuwa akiufunga kwa shuka kuukuu kama mtoto mchanga. Msumeno wa mkono. Mkanda mpana wa kiunoni, helmeti ya njano, vyuma vya kufunga miguuni wakati wa kupanda, na kamba mbili. Kamba nyembamba ilikuwa ya kumshika yeye. Kamba nene ilikuwa ya kushika tawi, na hiyo nene ndiyo iliyotuhusu sisi. Hakuwa na msaidizi, msaidizi wake alikuwa hili gogo na waliolikalia. Alikuwa anakuja asubuhi, anakunywa kikombe kimoja, anauliza: "Zamu ya nani?" Mwenye zamu anainuka, anasukuma naye mkokoteni.

Na kazi ya mwenye zamu ilikuwa moja, kutazama, kamba nene mkononi. Yeye juu analifunga tawi, anakata. Wewe chini unavuta ili tawi lije upande wako, lisimrudie, halafu unalegeza taratibu mpaka lilale chini. Ukilegeza mapema, umevunja paa la watu. Ukichelewa kuvuta, linamrudia aliyelikata. Miaka tisa tulimshikia kamba kwa zamu, fundi viatu, mfagizi na fundi redio, na hatukuvunja hata kigae kimoja. Nasema hivi tusije tukaonekana tulikuwa watu wa hovyo siku zote.

Wakili: Lakini kwa kweli hata yeye alipenda mno kupanda. Na wahenga hawakukosea, aliye juu mngoje chini.

Shangazi: Na mlimngoja?

Jamani. Alisema huku anasuuza kikombe, hata hakutuangalia. Betri ndiye aliyetuokoa, maana Betri hawezi kukaa kimya muda mrefu.

Betri: Mnajua dunia imeinama? Nilisikia redioni. Imeinama kidogo, kila mwaka inaongezeka. Sasa wewe unakata tawi ukijua linaanguka chini, kumbe chini yenyewe imehama!

Wakili: Imehamia wapi?

Betri: Ndicho wanachotafuta!

Wakili: Ndiyo maana hata viti vya mahakama vilikuwa vinayumba. Mimi nilidhani ni fundi.

Waliendelea hivyo, na mimi nikashika kiatu cha mtu nikajifanya nashona. Nitawaambia ninyi, maana wao wanajua na hawasemi. Siku ile zamu ilikuwa yangu.

Wa Juu alikuja kama kawaida. Sisi tulikuwa tunabishana iwapo samaki analala. Betri alisema halali, kwa sababu hana kope. Wakili alisema samaki mkunje angali mbichi, na kitu kilichokunjwa si kimelala? Nilikuwa na hoja yangu nzuri sana, naitafuta pa kuichomeka. Wa Juu akamaliza kikombe, akauliza, "Zamu ya nani?" Nikamwambia, "Ngoja kidogo, nimalizane na hawa." Shangazi naye akasema, "Usiniondolee wateja, birika bado limejaa." Akangoja. Alisimama pale na mkokoteni wake, akacheka na sisi. Akaniangalia tena. Nikamwonyesha mkono, ngoja. Akasema, "Basi endeleeni, tawi lenyewe dogo. Mkipata jibu, mnipigie kelele."

Akaenda peke yake. Kamba nene aliifunga kwenye nguzo ya geti. Tawi lilipokatika hapakuwa na mtu wa kulivuta, likazunguka, likarudi, likampiga mgongoni. Mkanda ulimshika hakufika chini. Alining'inia pale mpaka watu wakatafuta ngazi. Kelele tulizisikia hapa kwenye gogo, na nakumbuka vizuri nilivyosema: "Ngoja, ngoja, nimalizie."

Hoja yenyewe siikumbuki.

Na mgongo ule haukunyooka. Alirudishwa nyumbani amelazwa ubavu. Wiki ya kwanza tulisema tumwache apumzike. Wiki ya pili tulisema hatuwezi kwenda bure, mkono mtupu haulambwi, tukabishana ni tunda gani linamfaa mtu aliyevunjika mgongo. Betri alitaka machungwa, Wakili akasema machungwa yanapoza mifupa. Wiki ya tatu Wakili alisema haraka haraka haina baraka. Baada ya hapo ikawa aibu, na aibu ikikaa inaota mizizi. Siku hizi nikitoka nyumbani nazunguka nyuma ya mashine ya kusaga nisipite mbele ya mlango wake.

Tukiwa kwenye hoja ya dunia iliyoinama, akaja mgeni. Mtu wa makamo, kofia mkononi, buti nzito. Nikaangalia buti kwanza, ndiyo kazi yangu: soli upande wa ndani ilikuwa imelika kwa vyuma vya kupandia. Kabla hajasema neno nilishajua anafanya kazi gani.

Mgeni: Hamjambo wazee.

Sisi: Hatujambo. Karibu.

Wakili: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa, kaa.

Alikwenda kukaa pale mwisho, karibu na ukuta. Shangazi alinyoosha mkono kama anataka kumzuia, akaurudisha, akammiminia kahawa.

Mgeni: Naulizia nyumba ya mkata miti mmoja, anauza vifaa vyake. Mkewe ndiye aliyenipigia simu.

Betri: Anauza?

Mgeni: Vyote. Hamkujua?

Tukaangaliana. Hatua mia mbili kutoka hapa, na habari inatufikia kupitia mtu wa mbali.

Wakili: Tunajua, tunajua. Yaani, tulikuwa tunatafakari.

Mgeni: Niliambiwa aliumia kazini. Nataka kujua kabla sijanunua. Msumeno ndio uliomgeuka?

Betri: Kuna suala la mnara...

Wakili: Na kesi ya mpaka. Kisheria...

Shangazi: Na ndege.

Mgeni alisikiliza yote. Kwa heshima kabisa. Alisikiliza mnara, kesi, ndege, na dunia kuinama. Akapuliza kahawa yake.

Mgeni: Na nani alikuwa ameshika kamba?

Betri akashika redio aliyokuwa anaitengeneza. Wakili akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita.

Mimi: Ilifungwa kwenye nguzo.

Mgeni: Na nani?

Mimi: Na yeye mwenyewe.

Mgeni: Ah. Nguzo haina macho.

Akanywa mpaka mwisho, akakiweka kikombe chini vizuri, akasimama. Nilidhani yameisha. Akauliza lile swali ambalo mtu yeyote anauliza, hata mtoto anajua kulijibu.

Mgeni: Haya. Na mgonjwa anaendeleaje?



Nilimwangalia Wakili, Wakili akamwangalia Shangazi, Shangazi akaangalia birika. Kuna majibu chungu nzima ya swali lile. Hajambo kidogo. Afadhali ya jana. Tunamshukuru Mungu. Ungeweza kuokota lolote. Lakini huyu mtu dakika tano zijazo angekuwa amekaa kando ya kitanda chake, na uwongo wetu ungefika pale kabla yetu.

Mimi: Fuata ukuta huu, kata kushoto penye mashine ya kusaga, nyumba ya tatu. Mlango wa kijani.

Nilimwonyesha kwa kidole. Sikuinuka.

Alikaa huko muda mrefu. Hakuna aliyerudia habari za mnara. Mteja alikuja kuchukua kiatu chake, nikampa cha mtu mwingine, akanirudishia akinitukana, na ilimstahili kunitukana.

Mgeni aliporudi alikuwa anasukuma mkokoteni. Ule ule, gurudumu la kulia lile lile linalolia. Msumeno uko ndani ya shuka yake. Helmeti ya njano juu. Kamba nene alikuwa ameivaa begani, na nikaona pale katikati palipochakaa na kuwa peusi, pale tulipokuwa tunashika. Weusi ule ni jasho letu, la miaka tisa.

Betri: Msumeno... ulikuwa na kasoro?

Mgeni: Hauna kasoro yoyote. Mnyororo ameunoa jana, meno yote, moja moja. Amelala kitandani ananoa, mkewe amemshikia. Kasema hawezi kumuuzia mtu msumeno butu.

Shangazi alifunika uso kwa kanga, akasema moshi wa jiko. Jiko lilikuwa limeshazimika.

Mgeni: Ameniagiza kitu kwenu. Alisema mtaelewa wenyewe. Anauliza, je, samaki analala?

Kama angetutukana ningeshukuru. Ningejua pa kujishika. Wiki saba amelala akitazama dari, na alichokibeba kutoka siku ile si kamba, si nguzo, si mimi na mkono wangu wa ngoja. Alibeba ubishi wetu. Alikuwa anangoja tumpigie kelele.

Wakili, ambaye hajawahi kukosa methali tangu nimfahamu, aliinamisha kichwa. Betri machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, hakuyafuta.

Mimi: Bwana, samahani. Anaendeleaje?

Mgeni alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Mgeni: Mzee, fuata ukuta huu, kata kushoto penye mashine ya kusaga. Nyumba ya tatu. Mlango wa kijani.

Akainua mikono ya mkokoteni, akaondoka nao. Tulisikiliza lile gurudumu mpaka halikusikika tena.

Shangazi akatikisa birika.

Shangazi: Imebaki ya kikombe kimoja. Ya nani hii?

Siku nyingine tungegombana.

Mimi: Ya Wa Juu. Mimina, nipeleke. Zamu ni yangu.

Akamimina mpaka tone la mwisho. Nikainuka, na nilipoinuka gogo liliyumba, Betri akashikilia ukuta asianguke. Nilikuwa nimeshafika penye mashine ya kusaga niliposikia Wakili ananiita kwa nyuma.

Wakili: Gundi! Na samaki utamwambiaje?

Nilikata kushoto, nikiwa nimekishika kile kikombe kwa mikono miwili, nikikitazama kisimwagike.