Wakili Warfa Nunow na Kesi ya Kisima

Marehemu Warfa Nunow Isse alizaliwa mwaka 1946 karibu na Liboi, mtoto wa tatu wa wafugaji Nunow Isse na Hinda Deeq. Tarehe haikuandikwa. Mama alikumbuka tu kwamba mvua ilikuwa imechelewa.

Alianza shule Garissa mwaka 1955, akahitimu sheria Nairobi mwaka 1972. Miaka miwili baadaye alifungua ofisi hapa mjini Garissa, chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Jioni nyingi alirudi nyumbani sauti imemkauka.

Mwaka 1975 alimwoa Ardo Bishara. Siku ya nikaha alichelewa; alikuwa mahakamani akimwombea dhamana mchunga mbuzi. "Nilikasirika mpaka nikacheka," Bibi Ardo husema.

Desemba 1992 tulimchagua kuwa mbunge, tukamtwika vitambulisho vya watoto wetu, vizuizi vya barabarani, visima, kila kitu. Alikonda machoni petu, nasi tukazidi kumgongea mlango.

Machi 1995, Issack, mtu wa ukoo tuliokosana nao, alishtakiwa kumuua ndugu yetu kisimani. Warfa alisoma jalada akagundua kwamba mashahidi wote wawili waliodai kuyaona mauaji walikuwa mbali siku hiyo, Elwak, mnadani. Akaamua kumtetea. Wazee wetu wakamjia.

"Warfa, kiti hicho tulikupa sisi."

"Basi kichukueni," akajibu. "Lakini huyu hakuua."

Issack aliachiliwa Agosti. Uchaguzi wa 1997 ulipofika, tulimnyima Warfa kura. Mdogo wake Guleid, anayewasomea wasifu huu, naye alimnyima.

Alirudi kwenye chumba chake nyuma ya duka. Mwaka 1998 figo zikaanza kushindwa, na Guleid ndiye aliyempeleka Nairobi kila wiki kusafishwa damu. Siku moja, kando ya kitanda cha hospitali, alishindwa kunyamaza.

"Walaal, ndugu yangu, kura yangu sikukupa."

"Najua," Warfa akasema bila kufumbua macho. "Nisogezee huo mto, mgongo unaniuma."

Hawakulizungumza tena.

Alifariki nyumbani Garissa, Ijumaa alfajiri, tarehe 12 Februari 1999, akazikwa siku hiyo baada ya alasiri. Ameacha mjane, Bibi Ardo, watoto wake Samsam, Abdishakur na Fowsiya, wajukuu wanne, na Guleid.

Mola amrehemu, na ampe mapumziko tuliyomnyima.