Shimo la Samadi Lisifunikwe Tena

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kilimo, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima. Ndugu wageni waalikwa. Wakulima wenzangu, kina mama na kina baba. Na wewe Bibi Shamba, ambaye leo tumekukalisha kwenye kiti chenye mto ingawa tunajua ungependa kuwa umesimama kwenye matuta: habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu Bibi Shamba anayestaafu, nami nitamsifu. Ila mtanisamehe nikienda polepole, maana sifa zangu zinaanzia mahali ninapopaogopa mpaka leo.

Mnakumbuka mahindi yetu yalivyokuwa? Majani ya njano tangu chini, magunzi yenye punje za kuhesabika. Bibi Shamba alikuja na neno moja, samadi, akalirudia mpaka watoto wakamwita Mama Samadi. Alitufundisha kupanga kinyesi cha ng'ombe, mabua, majani mabichi na majivu, kuligeuza lundo, kisha kusubiri lipoe na kunukia udongo wa mvua ndipo tupeleke shambani. Sisi na haraka zetu tukaona lundo linachelewa. Mdogo wangu akachimba shimo la kina kirefu nyuma ya zizi la jirani yetu mfugaji, akalijaza kinyesi na mkojo wa ng'ombe, akalifunika kwa mbao na mabati ili watu wasilalamikie harufu. Bibi Shamba hakuambiwa.

Asubuhi moja ndoo ya kuchotea ilitumbukia shimoni. Mdogo wangu akaondoa ubao mmoja, akashusha ngazi, nami nikaishika juu. Alipofika katikati akaniita.

"Dada, mbona leo hakunuki?"

Kisha akanyamaza.

Ndugu zangu, nilimwita tena. Nilipiga kelele. Mfugaji akaja mbio, hakuuliza kitu, akashuka. Naye akanyamaza. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

Bibi Shamba alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani kukagua mahindi ya mfugaji. Alinishika gauni, akaniangusha, akanikalia. Mnacheka? Mnamwona alivyo na mwili! Nilimng'ata mkono, nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mgeni rasmi. Yeye, juu yangu, akawa anawapazia sauti majirani waliokuja mbio: "Asishuke mtu! Ng'oeni mbao zote! Leteni mashine ya kupepetea!" Halafu akaniinamia sikioni. "Hewa ya humo inaua, mwanangu, na mtu hasikii hata harufu yake. Ukishuka nitazika watatu."

Nani kati yenu angeweza kutulia akiambiwa hivyo, ndugu yake akiwa pale chini? Mimi sikutulia. Nilikaliwa.

Kifuniko kikabomolewa, mashine ikapuliza upepo mle ndani, wanaume wakashusha kitanzi cha kamba kwa boriti. Mdogo wangu alikuwa amenasa kwenye ngazi, uso juu ya ule uji mweusi. Alitolewa akipumua. Jirani yetu mfugaji alikuwa amezama. Mke wake ndiye aliyemwosha uso, na leo amekaa mstari wa mbele. Wifi, kama ninavyokuita, pole tena, mbele ya watu wote.

Baada ya mazishi, nani alitaka kugusa samadi? Tulikuwa tukiona zizi, tunageuza njia. Bibi Shamba akapita nyumba kwa nyumba, na wa kwanza kumfungulia mlango alikuwa wifi huyu.

"Wewe huogopi?" akamwuliza.

"Naogopa sana," Bibi Shamba akajibu. "Ndiyo maana tutaliweka lundo juu ya ardhi, penye upepo, na nitaligeuza mwenyewe ukinitazama."

Nilikuwa pale uani. Nilimwona akiushika mpini wa uma. Akaligeuza na hofu yake vivyo hivyo. Msimu ule mahindi ya wifi yalisimama mabichi wakati yetu yanakunjika kwa jua, na magunzi yake yakajaa punje mpaka nchani. Leo ghala hili limejaa magunia mpaka sisi tumebanwa ukutani. Bibi Shamba, hiyo ni kazi yako.

Ningependa kuishia hapo, tupige makofi, tule. Siwezi.

Mdogo wangu yule pale mlangoni. Wengi hamjui kwamba siku ile ilifutika kabisa kichwani mwake. Hakumbuki ndoo, wala ngazi, wala mtu aliyemfuata chini. Na wiki hii nimekuta nyuma ya nyumba yake shimo jipya, limeshajazwa, limefunikwa mabati, na juu yake mawe ili mabati yasipeperuke. Nilimlilia. Akanicheka. "Dada, ule uji unafika kwenye mizizi haraka. Nyie mnaogopa kitu ambacho mimi sikukiona."

Mdogo wangu, nichukie kwa kukuaibisha hadharani. Hofu ya siku ile wewe huna. Tumeibeba sisi, nami sina tena mtu wa kunikalia. Bibi Shamba akiondoka kesho, wewe ukishuka, nitakufuata. Najijua. Shemeji yako huyu wa mstari wa mbele anajua pia mwisho wake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba ruhusa. Kabla ya zawadi na kabla ya chakula, twende sote nyuma ya nyumba yake, tusimame upande upepo unakotoka, mbali na ukingo, tuyavute yale mabati kwa kamba mpaka shimo libaki wazi. Na mwingine yeyote mwenye shimo kama hilo, asiseme kitu. Atangulie tu mbele, atuonyeshe.

Bibi Shamba, nilitaka kukuuliza kama utatuongoza kwa mara ya mwisho, lakini naona umeshavua viatu vya sherehe.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Asanteni, na tuinuke.