Mzee Magige na Treni Itakayosimama Mabera

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupima barabara, kuhesabu abiria na kukataa chai isiyo na maziwa, Mzee Elkana Magige anastaafu tarehe 30 Juni. Idara ya Mipango ya Uchukuzi inabaki na kiti chake, ambacho maafisa wanne tayari wamekiomba kwa barua.

Aliajiriwa Homa Bay akiwa mpimaji msaidizi, akahamishiwa Migori, akakataa kuhama tena. Hakuamini takwimu yoyote iliyokusanywa kivulini. Tena ni Msabato asiyepinda: Ijumaa jua likizama alizima simu, na hata mkurugenzi alisubiri mpaka Jumamosi jioni.

Mwaka jana ulikuja mpango wa treni ya kasi kutoka Nairobi hadi Isebania, mpakani na Tanzania. Wataalamu wa kukodiwa wakaomba wapewe siku ya kuhesabu abiria wa huku kwetu, naye Mzee akawaandikia tarehe bila kutazama kalenda. Ilikuwa Jumamosi. Walikaa njia panda ya Rongo asubuhi nzima wakapata abiria kumi na tisa, wawili kati yao wakiwa wamepotea njia. Ripoti ikasema watu wa Homa Bay na Migori hawapendi kusafiri, kwa hiyo treni ipite bila kusimama.

Rispa, anayepeleka omena Isebania kila wiki, alikuja ofisini na gunia lake kudai maelezo. "Kwa hivyo hii treni itakuwa inatupita tu, sisi tunaiangalia kama sinema?" aliuliza. Ofisi ilinuka samaki hadi Alhamisi.

Mzee angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa amekagua ni saini ya nani iliyo chini ya tarehe ile. Badala yake alihesabu upya siku ya soko tangu alfajiri, Rispa akimshikia mwavuli na kumkosoa. Karatasi ziliisha saa nne. Abiria waliofuata waliandikwa kwenye gunia. Alilibeba gunia hilo hadi mbele ya kamati ya fedha, akasimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Siku hiyo mimi nilikuwa kanisani, na abiria wenu pia walikuwa kanisani."

Kamati ilicheka, ikafungua madirisha, kisha ikahamisha fedha za treni ya kasi zijenge reli ya treni ya kila siku, Homa Bay hadi Isebania, yenye vituo kumi na kimoja.

Barua ya kuidhinisha reli hiyo ilifika Mei. Reli itaanza kulazwa Septemba, Mzee akiwa tayari nyumbani Mabera na mahindi yake, na hilo linatuuma. Mimi, Liz Nyanchoka, niliyeketi naye dawati moja miaka tisa, nimejaribu kumshawishi aongeze hata mwaka mmoja. Alinipa rula yake, akaniambia nikahesabu watu.

Asante, Mzee, kwa kazi na kwa ukweli wako. Afya njema, mvua ya kutosha, na wajukuu wasikuchoshe sana. Siku ukiiona treni inakuja Mabera, ipungie mkono. Itasimama.