Chumvi ya Papa Ekilibre

Sogeeni, wanangu, na wewe Godelieve, mke wangu, kaa hapa karibu na kichwa changu, maana leo nina pumzi ya kusema na ya kesho sina uhakika nayo. Émilienne, binti yangu uliyesoma, andika. Kwa kuwa unaandika nitajitahidi kusema kile Kiswahili cha kanisani, lakini nikichoka nikaangukia Kiswahili chetu cha nyumbani usinisahihishe. Mtu anayekufa hapewi maksi. Nicolas, mwanangu wa kwanza, acha kusimama mlangoni kama mtu wa kodi. Kaa chini. Ninayosema leo yanakuhusu wewe kuliko wote.

Na msinitazame kwa nyuso za matanga. Nimekula ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikashiba, nimeoa mwanamke niliyemtaka, nimepita vita viwili, na sasa nafia kitandani kwangu mwenyewe, jambo ambalo hapa mjini kwetu Baraka, kwa miaka hii, ni utajiri. Nina furaha, nawaambia kweli. Limebaki jambo moja tu linaloninyima usingizi, na nitalifikia.

Mnajua watu wananiita Papa Ekilibre. Walianza kunitania hivyo niliporudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi na kitabu nilichokiandika huko, kinene, kimepigwa chapa, Kifaransa kitupu. Mle ndani nilieleza kwamba soko ni mizani: muuzaji anavuta huku, mnunuzi anavuta kule, mpaka bei inatulia mahali ambapo hakuna anayenuna, na mahali pale ndipo panapoitwa ekilibre. Kuhusu pesa niliandika kwa dharau kidogo, kwamba ni kitu cha kuhesabia tu, kama vijiti vya mtoto wa shule. Ukiviondoa, mizani inabaki vilevile. Profesa wangu alinipa mkono na kunisifu mbele ya wenzangu. Nikarudi hapa kwetu Fizi na hekima yote hiyo, na soko la Baraka likaniuzia samaki kwa bei ileile ya watu wengine.

Vita vya kwanza vikatuvusha ziwa hadi Kigoma. Tuliporudi tukakuta wezi wamebeba vyungu, vitanda, hata mlango wa mbele, lakini kitabu changu wamekiacha sakafuni, nakala zote mbili, wala hawakujisumbua hata kukikanyaga. Niliumia kuliko ningeibiwa. Mama yenu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Vita vya pili vikaja hata mlango mwingine hatujanunua.

Hapo ndipo noti ndogo zilipochakaa zikaisha. Zilibaki noti kubwa peke yake, na wa kuchapa nyingine alikuwa mbali, nyuma ya bunduki nyingi. Mama yenu alikuwa akiuza chumvi iliyovuka ziwa kwa boti na kushukia Kazimia. Mtu anakuja na noti kubwa, anataka kopo moja, chenji hakuna, basi kila asubuhi ni ugomvi na matusi mbele ya pipa letu la chumvi. Siku moja mama yenu akakinyanyua kitabu changu.

"Papa Nicolas, hii kitabu ungali unaisoma?"

Nikamjibu kwamba nakijua kwa kichwa.

"Basi ile iko mu kichwa inatosha," akasema, akachana ukurasa, akachovya kidole gumba katika mawese, akakikandamiza pale juu na kumpa mteja. Karatasi moja, kopo moja la chumvi, siku yoyote atakayorudi. Nilinuna siku nzima, kisha nikaanza kutazama, na tangu siku ile sijaacha kutazama.

Wanawake wanaokausha samaki Kazimia walizipokea karatasi kwa sababu chumvi wanaihitaji. Wachimba dhahabu wa Misisi wakazipokea kwa sababu wauza samaki wanazipokea, ingawa wengine wao hawakuwahi kuliona pipa letu. Zikapanda mlimani mpaka Bibokoboko, kwa wafugaji, kwani ng'ombe naye hulamba chumvi, na zikateremka na maziwa na siagi. Kuna mtu mmoja alijaribu kutengeneza zake kwa karatasi za daftari. Wamama wa soko walizikataa papo hapo, maana hakuna mtu Fizi nzima aliyeweza kuiga Kifaransa kigumu kama kile. Ule ukurasa wangu wa kusema pesa haina kazi, wanangu, niliuona kwa macho yangu ukinunua ndizi.

Nikajua nimekosea hesabu yangu ya ujana, na kwa kweli sikuhuzunika, nilifurahi kama mvuvi aliyevua samaki asiyemjua jina. Mizani haitulii kwanza halafu pesa ikaja kuhesabu. Watu wanapokea karatasi kwa kuwa wanaamini mwenzao wa kesho ataipokea, na yule anaamini wa keshokutwa, mpaka mwisho kabisa wa mstari pale anaposimama mwanamke na kopo lake. Yule wa mwisho akitikisika, wote wanaanguka. Nilitamani kuiandika upya sura ya mwisho, lakini ukurasa wenyewe wa hitimisho ulikuwa umeshatoka, uko kwenye mkoba wa mtu.

Elimu yangu ilitufaa siku moja, niseme nisiwe mnyonge sana. Boti ilipochelewa, mama yenu alitaka kuichana na nakala ya pili. Nilikataa, nikaifungia sandukuni na ufunguo nikauvaa shingoni, tukanuniana mpaka boti ikafika. Karatasi zikizidi chumvi, zote zinakuwa za kufungia karanga. Nakala hiyo ni yako, Émilienne. Isome, cheka unapotaka, andika makosa yangu pembeni, lakini usiichane hata kama ni njaa.

Nyumba ni ya mama yenu, na hakuna wa kumhamisha. Michikichi ya kando ya mto mtagawana, mawese ya kwanza ya kila msimu yaende kwake. Sasa pipa.

Nicolas, mwanangu. Boti yako ilichomwa, na najua ulivyoipenda, uliijenga ubao kwa ubao. Unasema ni watu wa mlimani, wale wafugaji. Mimi sijui ni nani, na wewe pia hujui, ulikuta moshi. Lakini ulisimama pale lubungani, wanaume wanapokula pamoja na kukata mashauri, ukasema, "Karatasi ya batu ba ku mulima isipokelewe tena kwetu." Wazee wengine wakaitikia kwa kichwa. Nilikuwa mgonjwa tayari, sikuwepo kukujibu. Nakujibu leo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Karatasi haina kabila, mwanangu. Ilitoka kwetu yote, na kidole ni cha mama yako. Leo ukiikataa kwa sababu aliyeishika ni wa mlimani, kesho mama wa Kazimia atajiuliza kama yake utaipokea, na keshokutwa mchimba wa Misisi atajiuliza. Hutakuwa umewakataa wao, utakuwa umeziua zote, hata ile iliyo kwenye kitenge cha mjane jirani yetu. Nakusihi, usinifanye niondoke duniani nikiwa mwongo kwa watu niliokunywa maziwa yao.

Kwa hiyo pipa na kopo nakupa wewe. Si Émilienne, ambaye angenikubalia kabla sijamaliza kusema. Nakupa wewe uliyekasirika, kwa kuwa ahadi ikishikwa na mwenye hasira ndipo watu wanaiamini. Wewe ndiye utakayesimama mwisho wa mstari.

Na mstari umeshafika. Godelieve, waambie. Basi nitasema mimi. Tangu asubuhi kuna mzee amekaa nje, kwenye ukuta wa jirani, na fimbo yake ya ng'ombe. Anaitwa Placide, wa Bibokoboko. Miaka ya mwisho ya vita, njia zilipofungwa, hakuweza kuteremka. Tangu wakubwa waandikiane amani kule Afrika ya Kusini ameanza kuthubutu. Amesikia pia maneno ya lubungani, ndiyo maana hajabisha hodi. Amemtuma mama yenu aniletee karatasi yake kwanza, nimwambie kama bado ni kitu au arudi zake.

Iko hapa chini ya mto. Émilienne, ifungue polepole. Unaona nini? Nilijua. Ni ule wa mwisho, namba yake nimeitambua kwa shida, ni hitimisho langu. Na maandishi yako wapi? Yameliwa na siagi na jasho na kukunjwa, imebaki alama ya kidole tu. Niacheni nicheke kidogo, kifua kinauma lakini niacheni. Miaka yote natafuta nafasi ya kusahihisha ukurasa huu, kumbe watu wameshausahihisha kwa mikono yao.

Nipeni maji. Asante.

Nimechoka sasa, batoto bangu. Mama Nicolas, shika mukono yangu. Nicolas, usinijibu na kinywa, maneno yako nayajua, uko mutoto wangu. Chukua hii kartasi. Toka, umuite ule muzee aingie mu nyumba, umupe kiti, umuamkie sawa vile unaamkia baba. Kisha ufungue pipa. Mi nitalala hapa, nitasikiliza. Kopo moja. Mi sikuombe kingine.

Ameenda? Mungoje, musiseme.

Iyo ni kiti. Iyo ni sauti ya Placide, bado anakohoa sawa zamani.

Iyo ni kifuniko ya pipa.

Kopo. Mumeisikia? Imeingia mu chumvi. Jaza, mwana, pitisha kiganja juu, isipunguke.

Mungu abachunge, batoto. Abapatie boti ingine, na batu ba kukaa nabo. Mama yenu asilie sana, alicheka nami vizuri. Mukinizika, musi…

Ngojeni. Kopo imeingia tena. Mara ya pili, Godelieve. Ile ya pili, mi sikumutuma.