Wino wa Mama Penseli

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Penseli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala na mkunga. Kitinda mimba wa nyumba hiyo, anayewasomea maneno haya, alibebwa mgongoni kwake mpaka akaona aibu mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alipenda kwaya kupita kiasi, ila sauti hakujaliwa. Mwalimu alimruhusu asimame safu ya nyuma mradi achezeshe midomo tu. Hakununa. Kutoka huko nyuma alijua ni nani aliyepotoka na kwa kiasi gani, na wimbo ukiisha alimwambia mhusika bila kupepesa macho.

Mwaka 1979 alipanga chumba juu ya duka la vitambaa, akaweka meza, simu na viti viwili, akaanza kuwatafutia watu bendi na vikundi vya waimbaji kwa ajili ya harusi na sherehe za nyumbani. Kila ombi aliliandika daftarini kwa penseli. Kisha alikwenda mazoezini mwenyewe, akaketi akiwa amewapa waimbaji mgongo, akasikiliza. Wakimridhisha, alirudi ofisini na kupitisha wino juu ya penseli. Cha wino hakikufutwa, hata mteja angekuwa waziri. Kwa miaka thelathini na tano hakuna bi harusi aliyemtegemea akakosa wimbo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na fundi wa vipaza sauti, aliyekuja kutengeneza kimoja na kurudi mara nne kukikagua ilhali kilikuwa kizima. Walijaliwa binti mmoja.

Binti huyo aliolewa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2014. Alichagua kundi la sauti sita ambalo alikua akilisikia mazoezini, amepakatwa na mama yake. Mama alisema sawa, lakini hakuandika, maana mambo ya nyumbani aliyabeba kichwani. Miezi miwili baadaye mteja asiyemjua aliomba kundi hilohilo, Jumamosi hiyohiyo, naye akaandika, akasikiliza, akatia wino. Aligundua kosa zikiwa zimebaki siku nne. Vikundi vingine vyote vilikuwa vimeshachukuliwa. Mumewe alimsihi amwombe radhi yule mteja, akakataa katakata. Kundi likaenda kwa mgeni, na binti yake akaingia ukumbini kwa makofi tu.

Sherehe ilipokwisha, binti alimwambia, "Mama, mimi hukuniandika hata kwa penseli." Akaondoka na mumewe, na kwa miaka kumi na moja hakukanyaga tena nyumbani. Marehemu aliendelea na kazi, lakini utani wote ulimwisha. Mwaka jana alimwambia mumewe, "Nikifa msiniimbie. Mwanangu aliolewa kimya, na mimi nizikwe kimya."

Tarehe 20 Oktoba 2025 alipatwa na kiharusi akiwa mezani kwake, kikamnyang'anya usemi na fahamu. Binti alifika hospitalini siku ya tatu. Alimwomba msamaha na kumsamehe, yote kwa pamoja, kisha akamwimbia taratibu ule wimbo aliotaka kuingia nao ukumbini. Baadhi yetu tulisema marehemu alitikisa kidole. Binti, ambaye ndiye aliyekuwa amemshika mkono, anasema hakutikisa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwapakata, mdogo wake huyu, na vikundi kumi na kimoja vilivyosimama hapa leo vikiwa havijui viweke wapi mikono.

Tulikuwa tumekubaliana kuheshimu wosia wake. Ila jana binti aliomba daftari, akafungua ukurasa wa leo, akaandika: kundi la sauti sita, saa nane mchana, mazishi ya mama. Aliandika kwa wino, na sote tunajua kwamba cha wino hakifutwi. Katika wale sita wamebaki wanne, nao tunawaomba wasogee mbele.

Pumzika kwa amani, dada. Wape mgongo, usikilize.